Tiki Tatu za Kijani

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mzee alinihesabia vijiko. Sisemi kwa mfano, nasema vijiko vyenyewe: vikubwa kumi na viwili, vidogo kumi na vinane, na kile cha kukorogea uji chenye mpini uliopinda. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa, nikiinua kijiko kimoja kimoja, naye akikitazama kupitia miwani minene, kisha anatia tiki kwa kalamu ya wino wa kijani kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuja Dubai kuwa mtu, nikawa mtu wa kuinua vijiko.

Nilikasirika tangu Alhamisi ya kwanza, na wanaonijua watakwambia hasira si kawaida yangu. Mimi ni wa kuamka nikiimba. Nilimaliza kidato cha nne kule Kitale na D plus, na hata hiyo D plus niliifurahia, kwa sababu ya ile plus. Siku ya kuondoka nyumbani kanisa lote la mama lilikuja kuniombea, akina mama walipika tangu asubuhi, na mchungaji akaniwekea mkono kichwani akasema ninakwenda kuwa taa. Taa! Nilianza kama mlinzi wa jengo moja Al Muraqqabat, nikisimama saa kumi na mbili kwa siku, na tulilala wanane chumba kimoja: Wakenya watano, Waganda wawili na Mtanzania mmoja ambaye kazi yake baada ya kazi ilikuwa kuucheka Kiswahili chetu. Bado niliimba. Kisha Ijumaa moja baada ya ibada mama mmoja aliyefanya kazi Al Warqa akaniambia kuna familia mtaa wa Rashidiya inatafuta kijana wa kumtunza mzee: kumwogesha, kumpa dawa kwa saa zake, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi msikitini na kumrudisha.

Familia ilikuwa ya asili ya Unguja, iliyokaa Dubai tangu kabla sijazaliwa. Mtoto wa mzee ndiye alikuwa kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza yangu, na paspoti yangu ililala kwenye droo yake. Nilimwita sir. Mkewe nilimwita madam. Madam akiwa na furaha alizungumza nami Kiswahili kitamu kama cha redioni, akikasirika alihamia Kiingereza, kwa hiyo nilijua hali ya hewa ya nyumba kabla sijavua viatu. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minane. Na juu ya paa ndege zilipita chini sana zikienda kutua, mpaka nilizijua kwa rangi za mikia yao, na kila moja niliipanda kichwani mwangu nikiwa na suti na mkoba.

Asubuhi ya kwanza nilimwambia mzee good morning. Kimya. Nikasema habari ya asubuhi. Kimya. Madam akaninong'oneza, nami nikasema, kwa aibu ya mtu wa bara, shikamoo.

"Marahaba," akasema mzee. "Kwenu hamsalimiani, mwanangu, au mnangoja mvua inyeshe kwanza?"

Ndivyo alivyokuwa. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa serikali. Alianza ujanani kama karani katika ofisi ya ukaguzi kule Unguja, chini ya karani mmoja mkongwe aliyefundishwa kazi na Waingereza, ambao nao walifundishwa na waliowatangulia, mpaka unafika enzi za Malkia Viktoria. Mzee alimtaja malkia huyo kama jirani ambaye huenda akapita mchana kukagua. Kanuni zake zilikuwa zile zile za kale. Wino wa kijani ni wa mkaguzi peke yake, mwingine asiuguse. Usiandike ulichoambiwa, andika ulichokiona. Na usinywe chai ya mtu unayemkagua mpaka umalize. Hii ya mwisho ndiyo iliyoniuma, kwa sababu Alhamisi nilimpikia chai ya tangawizi kama siku zote, nikaiweka mbele yake, naye akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja, ikapoa huku mimi nikiinua vijiko.

Alipohamia Dubai aliajiriwa na ofisi ya serikali kukagua stoo: vitanda vya hospitali, madawati, matairi, mablanketi. Miaka thelathini. Aliwahi kukuta madawati arobaini zaidi ya yaliyoandikwa, na mkuu wa stoo akafurahi, akidhani atasifiwa. Mzee akamwandikia hoja, yaani kosa la kujibiwa kwa maandishi. Ziada ni kosa kama upungufu, aliniambia, maana kuna mahali watoto arobaini wamekaa sakafuni. Niliipenda hadithi hiyo. Sikuipenda ile ya shemeji yake, ndugu wa mkewe, aliyetunza stoo ya zahanati. Mzee alikuta makasha sita ya bandeji hayapo. Shemeji akasema ameyaazimisha zahanati nyingine, yatarudi wiki ijayo. Mzee akaandika kwamba hayapo. Shemeji akapoteza kazi, wiki iliyofuata makasha yakarudi, na bibi wa nyumba akakaa mwaka mzima bila kumsemesha mumewe.

Nikamuuliza kama hakuweza kungoja wiki moja tu. Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini hakuruka kwa mabawa.

"Siku ile niliyohesabu," akasema, "hayakuwapo."

Hakupanda cheo zaidi ya unaibu. Alipostaafu walimpa dele la fedha, yaani birika la kahawa la mdomo mrefu kama mdomo wa ndege, likiwa na maandishi ya ahsante ubavuni. Hicho ndicho alichobaki nacho baada ya miaka thelathini ya kutokunywa chai za watu. Kwenye daftari lake la vitu vya nyumba, dele lilikuwa mstari wa kwanza. Lilikaa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, juu kabisa ya kabati la sebuleni, na kila Alhamisi ilinibidi nikatoe ngazi gereji, nipande, nilifungue, nilioneshe, nilifunge, nishuke. Kwa nini nilioneshe, mzee, nani atalichukua huko juu? Sijasema litachukuliwa, alijibu, nimesema sijaliona.

Kisha akaugua kifua. Siku tano hospitali, halafu kitandani nyumbani, hajui Jumatatu wala Jumanne, midomo imekauka, nami namdondoshea maji kwa kijiko, kijiko kidogo, kimoja kati ya vile kumi na vinane. Alhamisi ilipofika, saa ile baada ya alasiri, nikajikuta nimeduwaa jikoni. Hakuna aliyeniita, na hakuna aliyeisogeza chai yangu kwa kidole. Sijui kama utanielewa: ile kazi niliyoichukia ndiyo iliyonifanya nitake kulia. Nikachukua daftari, nikachukua kalamu yake, nikahesabu kila kitu peke yangu, nikapanda ngazi, nikashuka, nikatia tiki za kijani mstari kwa mstari. Alhamisi ya pili nikafanya hivyo hivyo. Ya tatu alikuwa ameanza kufumbua macho na kuuliza ni siku gani, nami nilikuwa nimechoka, nilikesha naye siku mbili. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikatia tiki zote bila kuinuka.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, madam akasema wenzake wawili wa zamani wa mzee wanakuja Ijumaa kumjulia hali, kwa hiyo niteremshe dele alisafishe. Nikaleta ngazi, nikapanda. Palikuwa na vumbi la duara, duara safi katikati, na hapakuwa na dele.

Madam akahamia Kiingereza.

Sir alirudi adhuhuri. Aliuliza maswali machache na yote yalikuwa na jibu ndani yake. Nani anaijua ngazi iliko? Nani anaingia sebuleni sisi tukiwa kazini? Alisema hataki mambo ya polisi, kwa heshima ya mama yangu ambaye hamjui, kwa hiyo atafuta viza yangu, atanunua tiketi, na Jumamosi nitakuwa Kenya. Alisema hivyo kwa upole, kama anayenipa zawadi. Nami nikaliona kanisa lote limesimama uwanjani kunipokea, na mchungaji akitafuta ile taa.

Hapo nikakumbuka daftari. Nikalikimbilia, nikalifungua mbele yao: tazama sir, tazama madam, wiki iliyopita lilikuwapo, limetiwa tiki, mstari wa kwanza. Mimi mpumbavu. Nilikuwa nimesahau kabisa nilivyozitia. Sir akalichukua, akaenda nalo chumbani kwa baba yake, nasi nyuma yake, akaliweka juu ya shuka.

"Baba, hizi tiki ni zako?"

Mzee alitaka kioo chake cha kukuzia. Nikampa mimi mwenyewe. Alitazama muda mrefu. Tiki zake zilianza na nukta ndogo kabla hazijapanda, jambo ambalo sikuwahi kuliona miezi yote ile. Nikamtazama usoni. Neno moja tu, mzee. Mimi niliyekuosha. Mimi niliyekugeuza ubavu kila saa mbili ngozi isichubuke. Sema ndiyo.

"Si zangu," akasema.

"Kwa hiyo ni mwizi na mghushi," akasema sir.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule katika dakika ile, na nilikuwa bado nimeshika kikombe chake cha maji. Lakini alikuwa hajamaliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Ukaguzi haujafanyika. Mtu hafukuzwi juu ya ukaguzi ambao haujafanyika. Kesho Alhamisi."

Usiku ule na mchana uliofuata nilifanya kazi bila kusema. Nilimwogesha bila kusema. Nilipanga nguo zangu kwenye begi, nikazipangua, nikazipanga. Zilipita ndege, sikuzitazama.

Baada ya alasiri akataka mito mitatu mgongoni, daftari mapajani, na watu wote wa nyumba mbele yake. Sir akasema baba umechoka, khalas, tuliache. Mzee akamwambia keti, na yule bwana mwenye mvi masharubuni akakaa. Nilidhani ataanza na mimi. Akamwita mjukuu wake. Tangu jana wakubwa walipokuwa wakigombana mtoto yule alikuwa akitumwa chumbani kwake akafanye homuweki. Mkaguzi, mzee aliniambia baadaye, huanza na yule ambaye hajaulizwa.

"Mama, dele la babu unalijua?"

"Nalijua, babu. Liko skuli."

Kulikuwa na siku ya watoto kupeleka vitu vya zamani vya nyumbani, Jumapili ya wiki ile iliyopita, ambayo huko ilikuwa siku ya shule, siku nne kabla ya Alhamisi yangu ya tatu. Mwalimu alilipenda, akaliweka kwenye kabati la darasa ili na madarasa mengine yalione. Mzee akauliza nani alilishusha. Mtoto akashangaa kwa nini watu wazima wanauliza kitu wanachokijua.

"Baba ndiye aliyelishusha. Mama alikuwa ameshatoka. Alisema nisichezee mdomo wake."

Sir alijipapasa paji la uso, akacheka kidogo, akasema wallahi nilisahau, asubuhi ile nilikuwa na haraka, mkutano. Kisha akasema limepatikana, alhamdulillahi, yalla, mpeni baba maji. Hakunitazama. Madam alinitazama, akarudi kwenye Kiswahili chake kitamu, akasema, "Basi, usijali."

Usijali. Nimeishi miaka kadhaa sasa tangu siku hiyo na bado neno hilo likinipitia kichwani naweka chini nilichoshika. Mtu ananinunulia tiketi ya aibu kwa sababu ya kitu alichokishusha kwa mikono yake miwili, akipanda ngazi ile ile, na yeye anasahau, na mimi nisijali. Angesahau kama lingekuwa langu? Kama ningekuwa mimi niliyesahau?

Nilidhani mzee atanitetea. Alikuwa anaandika. Aliandika polepole, kwa kijani, akamaliza, akamwambia mjukuu wake asome kwa sauti. Hoja ya kwanza: mwenye nyumba aliondoa dele bila kuandika, kisha akamtuhumu mtu mwingine. Nikainua kichwa. Hoja ya pili: msaidizi alitumia wino wa mkaguzi Alhamisi tatu, na Alhamisi ya tatu alitia tiki kwenye kitu ambacho hakikuwapo. Kila mmoja ajibu kwa maandishi katika siku kumi na nne.

"Mzee, nimekukosea nini?" nikasema. Nilisema mbele yao wote.

"Ungeuacha ukurasa mtupu," akasema, "jana ningeweza kukutetea. Mgonjwa alikuwa mgonjwa, basi. Umenijazia uongo, nikakosa la kusema."

Sir alicheka, akambusu baba yake kichwani, akatoka. Mimi sikucheka. Nikasema moyoni, mzee huyu, karani huyu wa Malkia Viktoria, ananiweka mstari mmoja na mwanawe. Kumbe hiyo ilikuwa ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote katika nchi hii kuniweka mstari mmoja na sir, lakini hilo sikuliona wakati ule. Nilikuwa nimejaa hasira tu.

Kuanzia jioni ile mzee akaacha chai. Chai yangu aliisogeza kwa kidole. Sir alipomletea kahawa kutoka kwenye dele lililorudi kutoka skuli, kahawa aliyoipenda, yenye iliki, akaisogeza nayo. Tulikuwa tunakaguliwa. Mgonjwa wa kifua, miaka themanini na zaidi, anakunywa maji ya bomba ya uvuguvugu anayojimiminia mwenyewe, nusu yanamwagika kifuani. Madam akaniomba nijibu, nijibu chochote, mzee anywe kitu cha moto.

Nikaandika kwamba nilifanya kwa nia njema. Jibu likarudi na mstari wa kijani chini yake: Nia haihesabiki. Jibu upya. Nikaandika ukurasa mzima kuhusu dhuluma, kuhusu watu wenye paspoti za wenzao kwenye droo, nikabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Likarudi: Ni kweli, lakini si jibu la hoja hii.

Siku ya tisa, alipokuwa akikohoa na mimi nikimshika mgongo, nikachoka na hasira kama mtu anavyochoka na gunia. Nikaandika mistari mitatu. Alhamisi ya tatu sikupanda ngazi. Nilitia tiki nikiwa nimekaa. Nilitaka ukiamka usikute kurasa tupu, kwa sababu ungejua ulivyokuwa karibu kufa, na mimi sikutaka ujue.

Alisoma kwa kioo chake. Akasoma tena. Akaweka nukta ndogo, akaipandisha ikawa tiki. Akaandika: Imefungwa.

"Lete chai," akasema. Nikaleta. Akanywa yote, akasema tangawizi imezidi.

Hoja ya sir ilibaki wazi. Siku kumi na nne zikapita, zikawa miezi. Kila Ijumaa alimletea baba yake kahawa kwenye lile dele na kila Ijumaa mzee aliisogeza, akiulizia afya yake kwa upendo kabisa. Wageni walianza kuliona jambo hilo. Siku moja sir akaja jikoni, mara ya kwanza kumwona akisimama jikoni, ameshika daftari. Akaniambia, kwa ule upole wake, si niandike mimi jibu, mistari miwili, yeye atatia saini, baba apate kunywa kahawa na watu. Akatabasamu. Akasema hata hivyo mimi ni fundi wa mambo hayo.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na majibu mengi, mengine ya Kitale kabisa.

"Sir," nikasema, "nimeshafunga yangu."

Akaondoka na daftari. Alhamisi iliyofuata, nilipolifungua kuanza na vijiko, nikakuta chini ya hoja ya kwanza neno moja kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa sir: Nilisahau. Na chini yake mzee alikuwa amekwisha kupita: Jibu halijitoshelezi. Aliyetuhumiwa ni nani, na ameambiwa nini?

Nilikaa nyumba ile mwaka mmoja zaidi, kisha nikapata kazi ya kutunza stoo ya mashuka katika hoteli ndogo Al Muraqqabat. Sir alinitolea paspoti kwenye droo mwenyewe, akanipa mkono, akanitakia kila la heri. Nilisubiri kidogo aongeze neno, mkono wake ukiwa bado mkononi mwangu. Akasema dereva wa teksi ananingoja.

Nikaenda kumuaga mzee. Ilikuwa Alhamisi. Tulihesabu vijiko mara ya mwisho, vyote vilikuwapo, nikapanda ngazi nikamwonesha dele, nikashuka. Kabla sijalifunga daftari nilifunua nyuma hadi ukurasa wa hoja ya sir. Chini ya swali lake la kijani palikuwa bado patupu.